Baki mchunguzi kwanza: kabla ya ubatizo wa Kimormoni

Ubatizo wa Kimormoni una mashahidi wawili wanaosimama kando ya kisima, na kazi yao ni kutazama tu. Mbatizaji na mbatizwa wamevaa nyeupe kuanzia shingoni hadi miguuni, maji yamewafika kiunoni, maneno yanatamkwa kama yalivyoandikwa bila kuongeza wala kupunguza, kisha mtu anazamishwa. Kidole cha mguu kikichomoza, au pindo la nguo likielea juu ya maji, shahidi anatikisa kichwa na tendo linarudiwa tangu mwanzo. Hakuna anayelalamika. Ndivyo utaratibu unavyotaka.

Huwa nalikumbuka tendo hilo kila ninapoulizwa na mtu anayekaribia kujiunga na kanisa hili kama afanye au asifanye. Kanisa linalorudia ubatizo kwa sababu ya kidole kimoja halichezi na maagano. Wasiwasi wangu uko kwa yule aliye majini. Mwili wake umekaguliwa hadi ukucha. Lakini yale anayoyaahidi, na yale yatakayofuata baada ya ahadi hiyo, mara nyingi ameyapitia juu juu kwa majuma machache, huku akifurahia kupata marafiki wapya. Simvuti mtu aingie wala simzuii. Ninachotaka ni kwamba akizama, azame na akili yake pia.

Jina kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Smith aliuawa mwaka 1844 na kundi la watu wenye silaha waliovamia gereza la Carthage, Illinois, na miaka mitatu baadaye mrithi wake, Brigham Young, akawafikisha waumini Utah, ambako makao makuu yapo hadi leo, Salt Lake City. Mwaka 2018 aliyekuwa rais wa kanisa, Russell M. Nelson, aliwataka watu waache kuwaita Wamormoni na watumie jina kamili. Mimi nalitumia neno hilo hapa kwa sababu ndilo wasomaji wengi wanalolijua, wala sikusudii kejeli. Jua pia kwamba yapo makanisa mengine yaliyochipuka kwa Smith huyohuyo, kama Community of Christ, na vikundi vidogo vinavyoendelea kuoa wake wengi. Hao wana viongozi wao na mambo yao.

Sasa tuje kwa wale vijana wawili wenye mashati meupe, tai, na kibati cheusi kifuani. Kwa Kiswahili cha kanisa hilo, kila mmoja wao anaitwa Mzee, hata akiwa na miaka 19 na ndevu hazijaota. Mara ya kwanza unacheka, ya tatu umeshazoea. Wasichana huitwa Dada. Wavulana hutumikia miezi 24 na wasichana 18, bila mshahara, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na wao wenyewe na familia zao. Vijana wangapi unaowajua wangekubali kutoa miaka miwili ya ujana wao namna hiyo? Ninawaheshimu. Lakini heshima isikusahaulishe kazi iliyowaleta: wametumwa kualika watu wabatizwe. Kitabu kinachowaongoza, Hubiri Injili Yangu, kinapatikana kwa mtu yeyote, nacho kinawaeleza namna ya kufundisha, namna ya kualika, na namna ya kufuatilia ahadi uliyoitoa. Kisome. Si mara nyingi mwanafunzi hupata kusoma kitabu cha mwalimu wake.

Zamani mtu aliyekuwa akifundishwa nao aliitwa mchunguzi. Siku hizi anaitwa rafiki. Rafiki ni neno tamu zaidi, nalikubali, ila mimi humshauri mtu abaki mchunguzi kadiri awezavyo. Rafiki huona haya kuuliza. Mchunguzi, kuuliza ndiyo kazi yake.

Jioni ya somo la pili au la tatu, na pengine hata la kwanza, mambo huwa hivi. Mmesali. Mmesoma mistari kadhaa ya Kitabu cha Mormoni, andiko lao takatifu ambalo Smith alisema alilitafsiri kutoka mabamba ya kale. Kijana mmoja ametoa ushuhuda wake mpaka sauti ikamkwama kooni, na wewe mwenyewe moyo umelainika. Kimya kidogo. Kisha mwenzake anafungua kalenda kwenye simu. "Ndugu, ukipata jibu kwamba mambo haya ni ya kweli, utabatizwa tarehe 14?" Litazame swali hilo lilivyosukwa. Ndani yake mna "ukipata jibu", lakini tarehe imekwisha kutajwa, na kuanzia hapo kila juma linahesabiwa kuelekea siku hiyo. Vijana wenyewe hawaoni hila yoyote. Wanaamini wanakupa kitu chema kuliko vyote walivyo navyo. Lakini mtu mpole, aliyelelewa kutomvunja mgeni moyo, atasema ndiyo ili asiwaudhi, kisha atajikuta anatimiza ahadi aliyoitoa kwa adabu. Jibu "nikiwa tayari nitawaambia mwenyewe" halina dhambi yoyote, na atakayekununia kwa jibu hilo amekwisha kukufundisha jambo.

Na unaahidi nini hasa? Kabla ya ubatizo kuna mahojiano ya faragha, na maswali yake yamechapishwa. Utaulizwa kama unamwamini Mungu Baba na Yesu Kristo Mwokozi. Kama unaamini kwamba injili na kanisa vilirejeshwa kupitia Joseph Smith. Kama unaamini kwamba rais wa kanisa aliyepo sasa ni nabii wa Mungu. Utaulizwa kuhusu toba, na kama umewahi kutenda kosa kubwa la jinai. Kisha zinakuja sheria: usafi wa kimwili, yaani hakuna kujamiiana nje ya ndoa ya mwanamume na mwanamke, zaka, Neno la Hekima (sheria ya vinywaji na tumbaku), kuitakasa Sabato. Wanaoishi pamoja bila ndoa watatakiwa wafunge ndoa kwanza au watengane. Aliye katika ndoa ya wake wengi habatizwi akiwa katika hali hiyo, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani Umormoni na uke wenza ni kitu kimoja. Mwenye mume au mke anahitaji ridhaa ya mwenzake, na mtoto anahitaji ya wazazi.

Katika maswali hayo, lile la nabii aliye hai ndilo watu hulipita haraka, nami ningekaa nalo muda mrefu kuliko yote. Kumkubali Smith ni kukubali habari za kale. Kumkubali rais wa sasa ni kukubali maelekezo ambayo bado hayajatolewa. Mwezi Novemba 2015 kanisa lilitoa sera iliyowazuia watoto wa wazazi wanaoishi katika ndoa ya jinsia moja wasibatizwe wakiwa wadogo. Aprili 2019 sera hiyo ikaondolewa. Muumini aliyesema ndiyo kwenye swali la nabii alitarajiwa kuikubali sera ilipokuja na kuikubali ilipoondoka. Wapo wanaoona faraja katika mambo hayo: Mungu bado anasema, kanisa halijaganda. Wapo waliovunjika moyo mara mbili, kwanza kwa sera na pili kwa wepesi wa kuigeuza. Jiulize wewe ungekuwa wapi.

Neno la Hekima, ufunuo wa mwaka 1833, unakataza tumbaku, pombe, kahawa na chai. Chai hapa ni ile ya majani ya mchai wenyewe, nyeusi au ya kijani, iwe ya moto au ya barafu. Maji ya mimea mingine hayamo. Mwaka 2019 kanisa lilikumbusha kwamba sigara za umeme nazo zimo katika katazo, na vinywaji vya kahawa pia, vyovyote vitakavyopambwa kwa majina. Nisipoteze muda zaidi hapo. Mtu anajijua.

Zaka inahitaji kalamu na karatasi. Ni sehemu ya kumi ya mapato yako, maisha yako yote. Kanisa halidai kuona hati ya mshahara, na kama utahesabu kabla ya kodi au baada yake, unaachiwa mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka unaketi na askofu, yaani kiongozi wa kusanyiko lako, na kutamka: nimetoa kamili, nimetoa sehemu, sikutoa. Juu ya hiyo kuna matoleo ya mfungo: Jumapili moja ya kila mwezi, kwa kawaida ya kwanza, waumini huacha milo miwili na kutoa thamani yake kwa ajili ya wenye shida. Andika kipato chako cha mwezi, ondoa sehemu ya kumi, uone kilichobaki kinafika tarehe ngapi. Ifanye hesabu hiyo ukiwa peke yako, mbali na wimbo na ushuhuda.

Haki itendeke: hili si kanisa la mchungaji anayetajirika kwa sadaka za kondoo wake. Askofu halipwi. Ni fundi, mwalimu au mfanyabiashara aliyeitwa kuongoza kwa miaka kadhaa, kisha anaachishwa na mwingine anaitwa. Hakuna kapu linalopitishwa ibadani, hakuna anayekutajia kiasi jukwaani. Wanaohubiri Jumapili ni waumini wa kawaida, leo mama wa watoto wanne, juma lijalo kijana wa sekondari anayetetemeka na karatasi yake. Wengine huchoshwa na mahubiri hayo. Binafsi napenda kusikia mtu asiye na ufundi wa kuongea akitafuta neno.

Lakini fedha zikishaondoka mikononi mwa askofu hupanda juu, na huko juu mwanga ni hafifu. Tangu 1959 kanisa liliacha kuchapisha taarifa ya matumizi yake kwa umma wa Marekani. Desemba 2019 aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni yake ya uwekezaji, Ensign Peak Advisors, alifichua kwamba mfuko huo ulikuwa umefika kiasi cha dola bilioni 100. Februari 2023 tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilitangaza kwamba kampuni hiyo italipa faini ya dola milioni 4 na kanisa dola milioni 1, kwa kuwa hisa zilikuwa zimeandikishwa kwa miaka mingi kupitia kampuni za majina tu ili umma usijue mwenyewe ni nani. Kanisa lilisema linasikitikia makosa yaliyofanyika na kwamba linaliona jambo hilo limekwisha. Wapo waumini wanaosema akiba ni busara, na Yusufu naye alijaza maghala Misri. Sawa, ila Yusufu aliyafungua maghala njaa ilipokuja, na mtoa zaka ana haki ya kuuliza njaa inayosubiriwa ni ipi.

Kisha kuna hekalu, na hapa ndipo naona pengo kubwa kuliko yote kati ya anachofundishwa mgeni na anachoingia. Usichanganye hekalu na jengo la ibada ya Jumapili. Jengo la Jumapili liko wazi kwa kila mtu, na mkutano wake huchukua saa mbili tangu Januari 2019, zamani zilikuwa tatu. Hekaluni huingii bila kibali, na kibali hutolewa baada ya mahojiano mawili yenye maswali yaleyale, ambayo Nelson mwenyewe aliyasoma hadharani Oktoba 2019. Zaka kamili ni mojawapo. Mwumini mpya huweza kuingia mapema kubatizwa kwa niaba ya wafu, lakini kwa ibada kubwa, inayoitwa endaumenti, husubiri mwaka mmoja au zaidi tangu kuthibitishwa. Ndani ya ibada hiyo anafanya maagano: sheria ya utii, sheria ya dhabihu, sheria ya injili, sheria ya usafi wa kimwili, na sheria ya kuweka wakfu, yaani kuutoa muda wake, vipaji vyake na vyote alivyojaliwa kwa ajili ya kanisa. Tangu hapo anavaa vazi takatifu chini ya nguo zake, kila siku, maisha yote.

Siyasemi hayo kumtisha mtu wala kufichua siri. Majina ya maagano hayo kanisa lenyewe limeyaandika katika mwongozo mkuu wa viongozi, ambao tangu 2020 uko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Hoja yangu ni mpangilio. Kitabu cha Mormoni kinasema ubatizo ni lango. Lango huingiza mtu katika njia, na njia hii inaelekea hekaluni. Asiyefika huko huhesabiwa kuwa bado yuko safarini na hukumbushwa hivyo kwa upole kila wakati. Wakuu wa kanisa hupenda mfano wa maziwa kabla ya nyama, ule ambao Paulo aliwaandikia Wakorintho. Mfano mzuri, ila mtoto mchanga hakutia sahihi popote. Mtu mzima anayeahidi ana haki ya kuonyeshwa meza nzima, hata kama atakula kidogo kidogo.

Hekalu linagusa familia pia. Mume na mke huunganishwa humo kwa milele yote, na watoto wao pamoja nao. Nimewahi kukaa na mjane anayesadiki hayo kwa moyo wote, na sijui faraja nyingine niliyowahi kuiona ikimshika mtu namna ile. Upande wa pili ni kwamba mzazi asiye muumini, au muumini asiye na kibali, hawezi kuingia kushuhudia mwanawe akiunganishwa. Anakaa nje, amevaa vizuri, akisubiri picha. Hadi mwaka 2019, katika nchi ambako ndoa ya hekaluni inatambuliwa kisheria, waliofunga ndoa ya kiserikali kwanza walilazimika kusubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa. Sharti hilo lilifutwa Mei 2019, na uchungu umepungua. Haujakwisha.

Kwa anayetoka katika ukristo mwingine: ubatizo wako wa zamani hautahesabiwa, hata kama ulizamishwa mtoni na maji yakakufunika kabisa, kwa sababu mamlaka ya ukuhani, wanasema, yalipotea duniani yakarejeshwa kwa Smith. Vilevile Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 2001 kwamba ubatizo wa Kimormoni si halali kwake. Chanzo ni kwamba maneno ni yaleyale na maana zake sizo. Wakisema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanamaanisha nafsi tatu zilizotengana kabisa, zenye nia moja, na Baba ana mwili wa nyama na mifupa. Wakisema maandiko wanamaanisha Biblia pamoja na Kitabu cha Mormoni, Mafundisho na Maagano, na Lulu ya Thamani Kuu. Wakisema mwanadamu ni mtoto wa Mungu wanamaanisha kwamba anaweza kukua afanane na Baba yake kuliko makanisa mengine yanavyothubutu kusema. Kama ni Wakristo au siyo, wao wanasema ndiyo na Kristo yumo katika jina lao. Nisingegombana na mtu juu ya hilo. Ningegombana naye akiniambia kwamba tofauti ni ndogo.

Historia. Kati ya 2013 na 2015 kanisa lilichapisha insha ndefu kuhusu mambo magumu ya zamani zake, ziko kwenye tovuti yake rasmi, na ni vigumu kusema leo kwamba ukweli umefichwa. Tatizo ni kwamba hazimo katika masomo ya wale vijana wawili. Ndani yake utasoma kwamba Smith, mara nyingi katika kazi ya kutafsiri Kitabu cha Mormoni, aliweka jiwe ndani ya kofia na kuinamisha uso humo. Picha ya jiwe lenyewe kanisa liliichapisha 2015. Utasoma kwamba vipande vya mafunjo ya Kimisri vilivyohusishwa na Kitabu cha Ibrahimu, sehemu ya Lulu ya Thamani Kuu ambayo Smith alisema aliitafsiri kutoka mafunjo hayo, vilipatikana katika jumba la makumbusho New York, na wataalamu, wa kanisa na wasio wa kanisa, wakakubaliana kwamba ni maandiko ya kawaida ya mazishi yasiyomtaja Ibrahimu. Utasoma kwamba Smith alioa wake wanaokadiriwa kuwa kati ya 30 na 40, baadhi yao wakiwa na waume zao tayari, na kwamba mdogo kuliko wote, Helen Mar Kimball, alikuwa amebakiza miezi michache kutimiza miaka 15. Tamko la kukomesha ndoa hizo lilitoka 1890, na leo anayeoa mke wa pili hufukuzwa. Hata hivyo mwanamume aliyefiwa bado anaweza kuunganishwa hekaluni na mke mwingine, naye aliyefariki hafutwi.

Kuna sura moja ambayo haistahili kupitwa haraka. Mwaka 1836, enzi za Smith, mtu mweusi aitwaye Elijah Abel alitawazwa kuwa na ukuhani. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hawatapewa ukuhani tena. Katazo hilo lilidumu hadi Juni 1978, chini ya rais Spencer W. Kimball. Ni miaka 126. Katika kanisa ambalo karibu kila mwanamume mwaminifu hupewa ukuhani, na ambalo familia huunganishwa hekaluni, maana yake ilikuwa kwamba waumini weusi, wanawake kwa wanaume, walizuiwa ibada zilezile ambazo wengine waliambiwa ndizo zinazowafikisha kwa Mungu. Jane Manning James, aliyemjua Smith uso kwa uso, aliomba mara kwa mara kupewa baraka za hekalu na alifariki 1908 bila kupewa alichokiomba. Viongozi walibuni sababu: laana ya Kaini, makosa ya roho kabla ya kuzaliwa. Katika insha ya 2013 kanisa lilizikana nadharia hizo zote waziwazi. Ila halikusema kwamba katazo lenyewe lilikuwa kosa.

Wakati huohuo, miaka mingi kabla ya 1978, watu nchini Ghana na Nigeria walikuwa wameshasoma vitabu vya kanisa, wakaunda makusanyiko yao wenyewe, na kuandika barua kuomba watumiwe wamisionari. Hilo nalo ni sehemu ya habari, na mimi huliona la kustaajabisha na la kuumiza kwa pamoja. Mtu mweusi anayejiunga leo ana haki ya kulisikia lote kutoka kwa wanaomfundisha, wakiwa wametulia na Biblia mezani, badala ya kulisikia mwaka mmoja baadaye kwa mjomba anayemcheka. Waulize. Wengi watakujibu kwa unyofu. Wengine, hasa vijana, utagundua kwamba wewe unajua zaidi yao.

Tuje kwenye sala, kwa maana hapo ndipo kila kitu huning'inia. Mwishoni mwa Kitabu cha Mormoni kuna ahadi: msomaji akimwomba Mungu kwa moyo wa kweli, ataonyeshwa ukweli kwa nguvu za Roho Mtakatifu. Vijana watakuomba ujaribu. Jaribu, kwani mtu anayetafuta Mungu atakataaje kusali? Lakini pima uzito wa jibu. Amani moyoni, joto kifuani, machozi: hivyo ni vitu halisi, sivibezi. Vinaweza kukuambia kwamba mahali hapa kuna wema, kwamba maisha yako yanahitaji kubadilika, kwamba Mungu hayuko mbali. Havina namna ya kukuambia mafunjo yaliandikwa nini. Watu wa dini nyingi mno wamesali wakapata amani ileile juu ya mambo yanayopingana. Na angalia mzani ulivyotegwa: ukihisi kitu, umejibiwa, usipohisi, unaombwa uendelee kusali. Jaribio ambalo haliwezi kutoa jibu la hapana linahitaji msaidizi, na msaidizi huyo ni kusoma, kuuliza, na kuacha siku zipite.

Mwisho ni kata. Waswahili wa kanisa hilo wametafsiri mambo yao kwa maneno ya kupendeza: kusanyiko ni kata, likiwa dogo ni tawi, na kata kadhaa huunda kigingi, neno lililotoka katika Isaya na vigingi vya hema. Huchagui kata, unapangiwa kulingana na unapoishi. Usipoelewana na askofu, hakuna kuhamia kwa mwingine anayehubiri vizuri zaidi. Ndani ya majuma machache utapewa wito, pengine kufundisha watoto, pengine kuhesabu waliohudhuria, na wito huo utakula jioni zako. Wanawake wana jumuiya yao, Muungano wa Usaidizi, ulioanzishwa 1842, yenye nguvu kuliko wageni wanavyodhani, lakini hawatawazwi kwenye ukuhani. Ukitaka kuondoka siku moja, unaandika ombi jina lako liondolewe katika kumbukumbu, na linaondolewa. Usipoandika, utaendelea kuhesabiwa hata kama hukanyagi kwa miaka 20, jambo la kukumbuka unapoambiwa kwamba waumini wamezidi milioni 17.

Na wale vijana wawili wataondoka. Kila baada ya majuma sita hivi kuna uhamisho, na anayekufundisha leo anaweza kuwa mji mwingine kabla hujamaliza kusoma kitabu alichokupa. Kwa hiyo nenda Jumapili moja bila kuwaambia. Chagua ile ya kwanza ya mwezi, siku ya mfungo, ambapo hakuna mhubiri aliyepangwa na yeyote anaweza kusimama kutoa ushuhuda. Kaa benchi la nyuma. Sikiliza wanaosema kwa machozi na wanaosema kwa mazoea. Ibada ikiisha usitoke haraka. Simama kidogo mlangoni uone nani atakuja kukusalimu, sasa ambapo hakuna Mzee wa kumtambulisha rafiki yake mpya.